Maswali ya wasomaji: Nani bora, mchezaji wa zamani au wa sasa?

Barua nyingi za safari hii zinauliza kama mchezaji wa kriketi wa miaka ya 1930 anaweza kuwekwa kwenye mizani moja na wa miaka ya 2000. Inawezekana, ila lazima kwanza upime umbali kati ya mchezaji na wenzake waliocheza kwenye pichi zilezile (vipande vya ardhi ambako mpira hurushwa na kupigwa), chini ya sheria zilezile. Tumeanza na hesabu kwa sababu majibu yanayofuata yanaiegemea. Takwimu zote ni za mechi za Testi, yaani mechi ndefu za kimataifa, isipokuwa pale tunapotaja vinginevyo.

Wahariri, salaam. Rafiki yangu anashikilia kwamba wastani ndio kila kitu. Mimi naona wastani unapotosha. Hukokotolewaje hasa, na unakosea wapi?

Wastani wa mpigaji ni mikimbio (pointi) yake yote ikigawanywa kwa mara alizotolewa. Haigawanywi kwa idadi ya iningi (zamu za kupiga), na hapo ndipo wengi huteleza. Donald Bradman wa Australia alipiga iningi 80, akabaki bila kutolewa mara 10, kwa hiyo alitolewa mara 70. Mikimbio yake 6,996 ukiigawanya kwa 70 unapata 99.94, ukiigawanya kwa 80 unapata 87.45. Katika iningi yake ya mwisho, uwanja wa Oval mwaka 1948, Eric Hollies alimtoa kwa mpira wa pili akiwa hana hata mkimbio mmoja. Mikimbio 4 tu ingemfikisha 7,000, na wastani ungekuwa 100 kamili.

Kugawanya kwa mara za kutolewa kuna mantiki, maana mpigaji ambaye hakutolewa alikatizwa kabla ya kufika mwisho wake. Kwa wapigaji wa juu tatizo ni dogo. Linakuwa kubwa kwa wale wanaoingia mwishoni. Mwaka 1953 Bill Johnston, mrushaji wa Australia asiyejulikana kwa kupiga, alimaliza ziara ya Uingereza na wastani wa 102. Alikuwa amepata mikimbio 102 katika iningi 17, na alitolewa mara moja tu. Kwenye Kombe la Dunia la 1999 Lance Klusener wa Afrika Kusini alikuwa na wastani wa 140.50, yaani mikimbio 281 kwa kutolewa mara mbili. Klusener alicheza vizuri mno kwenye mashindano yale, lakini namba hiyo haimwelezi.

Dawa yake ni kuandika namba tatu pamoja: wastani, mikimbio kwa kila iningi, na asilimia ya iningi alizobaki bila kutolewa. Sisi tunaanza kuwa waangalifu asilimia hiyo inapopita 15. Bradman ana 12.5, Sachin Tendulkar wa India ana 10 (mara 33 katika iningi 329), kwa hiyo kwa upande huu wawili hawa wanalinganishika bila taabu.

Kosa la pili ni kusahau bahati. Alama za mpigaji hutawanyika sana: leo 0, kesho 140, keshokutwa 12. Kwa kawaida mtawanyiko huo unakaribia kulingana na wastani wenyewe. Kwa hiyo mwenye wastani wa 50 aliyetolewa mara 20 ana kosa la kisampuli (kiasi ambacho bahati tu inaweza kuusogeza wastani) la karibu 11 kila upande, yaani 50 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 20. Akitolewa mara 100, kosa linashuka hadi 5. Akitolewa mara 300, linabaki chini kidogo ya 3. Ukijua hilo huwezi kukesha ukibishana kati ya Graeme Pollock (60.97, Testi 23) na George Headley (60.83, Testi 22). Tofauti ya 0.14 haina maana yoyote katika mechi chache kiasi hicho.

Mhariri, naomba hatua kwa hatua. Nikitaka kulinganisha wapigaji wawili wa enzi mbili, naanzia wapi?

Anza na mechi alizocheza mchezaji mwenyewe. Ukichukua "miaka ya 1950" kwa ujumla utaingiza mechi ambazo hakuwepo, kwenye pichi ambazo hakuziona. Chukua Testi zake zote, kisha tafuta mikimbio na mara za kutolewa za wapigaji wote walioingia nafasi ya 1 hadi ya 7 katika mechi hizo, timu zote mbili. Toa mikimbio yake na mara zake za kutolewa. Hatua hii wengi huiruka, na matokeo yake ni kwamba mchezaji bora anajilinganisha na wastani alioupandisha yeye mwenyewe. Baada ya hapo gawanya: wastani wake kwa wastani wa wenzake.

Mfano wa kubuni. Mpigaji A ana wastani wa 48 na wenzake 28. Uwiano wake ni 1.71. Mpigaji B ana wastani wa 54 na wenzake 36. Uwiano wake ni 1.5. Ukitaka namba inayosomeka kirahisi, zidisha uwiano kwa msingi mmoja, tuseme 32. A anapata karibu 55 na B anapata 48, yaani nafasi zao zimebadilishana. A alipiga kwenye mazingira magumu zaidi, na wastani mtupu ulikuwa umelificha hilo.

Nafasi ya kupiga usiipuuze. Mfunguzi (anayepiga nafasi ya 1 au ya 2) hukutana na mpira mpya wenye mshono uliosimama na warushaji ambao hawajachoka. Wa nafasi ya 6 mara nyingi hukuta mpira umelainika. Mlinganishe mfunguzi na wafunguzi.

Kuna mtego mwingine hapa. Wapigaji wa timu pinzani hawakukabiliana na warushaji wale wale aliokabiliana nao mchezaji wako. Kipimo safi zaidi ni wachezaji wa timu yake, kwa kuwa ndio waliosimama mbele ya warushaji hao hao siku hiyo hiyo. Lakini akiwa amezungukwa na vigogo, kama Ricky Ponting alivyokuwa na Matthew Hayden na Adam Gilchrist, ataonekana mdogo kuliko alivyo. Fanya hesabu zote mbili. Zikikubaliana, una jibu. Zikitofautiana sana, tatizo liko kwenye timu, na hapo inabidi urudi kusoma mechi moja moja.

Takwimu hizi zinapatikana kwa kuchuja kwenye Statsguru, hifadhidata ya takwimu ya tovuti ya ESPNcricinfo: chagua Testi, weka tarehe ya kwanza na ya mwisho ya mchezaji, weka nafasi 1 hadi 7, kisha chagua timu. Kichujio cha tarehe kitakuletea pia mechi alizokosa, hivyo zitoe kwa mkono.

Mwisho kabisa, vunja rekodi kwa mpinzani. Adam Voges wa Australia alimaliza Testi 20 na wastani wa 61.87, wa pili baada ya Bradman kwa waliotimiza idadi hiyo ya mechi. Dhidi ya West Indies alipata 130, 37, 269 na 106, na katika iningi hizo nne alitolewa mara moja tu, kwa hiyo wastani wake dhidi yao ni 542. Ukiziondoa, anabaki na mikimbio 943 kwa kutolewa mara 23, yaani 41. Alikuwa mpigaji mzuri, lakini namba ya 61.87 imebebwa na mpinzani mmoja aliyekuwa dhaifu wakati huo.

Nimechoka kusikia Bradman alipata 99.94 kwa sababu warushaji wa zamani walikuwa wazembe. Je, Tendulkar angekuwa wakati ule asingefika hapo? Naomba jibu lisiloegemea upande.

Tuanze na mambo yaliyomsaidia Bradman, maana yapo. Testi zake zote 52 alizicheza Australia na Uingereza tu. Hakuwahi kupiga Testi kwenye pichi kavu inayogeuza mpira ya Asia. Pichi nyingi za miaka ya 1930 zilikuwa tulivu. Hadi mwaka 1935 mpigaji hakuweza kutolewa kwa mguu mbele ya wiketi (vijiti vitatu anavyovilinda) iwapo mpira ulidunda nje ya mstari wa wiketi upande wa ofu (ule anaoutazama akisimama kupiga), hata kama ungegonga wiketi. Aliweza kuuzuia kwa mguu bila hofu. Wapinzani wawili walikuwa dhaifu: Afrika Kusini ya 1931–32, aliyoipiga kwa wastani wa 201.50, na India ya 1947–48, kwa 178.75.

Sasa yaliyompinga. Hakukuwa na helmeti. Pichi hazikufunikwa, na mvua ikinyesha kisha jua likatoka, mpira uliruka na kugeuka vibaya. Kwenye pichi za namna hiyo hata yeye alihangaika. Mstari wa mrushaji ulihukumiwa kwa mguu wa nyuma, kwa hiyo mrushaji wa kasi aliyeburuta mguu aliachia mpira akiwa amemsogelea mpigaji kuliko inavyoruhusiwa leo. Vita Kuu ya Pili ilimkatia Testi kutoka 1938 hadi mwishoni mwa 1946, yaani umri wa miaka 30 hadi 38.

Ondoa basi wapinzani dhaifu. Tukitoa Afrika Kusini na India, na hata West Indies ambao aliwapiga kwa 74.50, tunabaki na Uingereza peke yake: mikimbio 5,028, kutolewa mara 56, wastani 89.78. Chukua sasa mfululizo wake mgumu kuliko yote, wa 1932–33, Uingereza ilipowaagiza warushaji kina Harold Larwood waurushe mpira kuelekea mwilini huku walinzi wamejazana upande wa mguu (ule ulio nyuma ya mpigaji). Mbinu hiyo iliundwa kwa ajili yake, na baadaye ilidhibitiwa. Alipata mikimbio 396 kwa kutolewa mara 7: wastani 56.57. Kushindwa kwake kukubwa kunapita wastani wa Testi wa Tendulkar, ambao ni 53.78.

Hoja ya warushaji wazembe inaangushwa na wenzake. Kama mazingira ndiyo yaliyompa 99.94, wengine nao wangefika 80. Herbert Sutcliffe aliishia 60.73, Headley 60.83, Walter Hammond 58.45, Len Hutton 56.67. Bill Ponsford na Stan McCabe, waliovaa kofia ile ile ya Australia na kukabiliana na warushaji wale wale, walibaki 48.22 na 48.21. Bradman aliwazidi walio bora wa wakati wake kwa zaidi ya asilimia 60. Tangu hapo hakuna mpigaji aliyeweka pengo hata la robo ya hilo kati yake na anayemfuata.

Tendulkar ukimweka karibu na wa wakati wake, unamkuta kwenye kundi la juu bila pengo: Kumar Sangakkara 57.40, Jacques Kallis 55.37, Brian Lara 52.88, Rahul Dravid 52.31, Ponting 51.85. Ukuu wake uko mahali pengine, na ni mkubwa kweli. Alicheza Testi 200 kati ya 1989 na 2013, akianza Karachi akiwa na miaka 16 mbele ya Imran Khan, Wasim Akram na Waqar Younis. Nyumbani alipata wastani wa 52.67, ugenini, kwenye pichi zinazoruka za Australia na zinazoyumbisha mpira za Uingereza na New Zealand, alipata 54.74. Kupiga vizuri zaidi ugenini, katika nchi nyingi, kwa miaka 24 ni jambo ambalo Bradman hakupata nafasi ya kulijaribu. Aliyabeba pia mechi za siku moja 463 na mikimbio 18,426.

Jibu letu: kwa kilele, ni Bradman, na mjadala huo tunauona umefungwa. Kwa urefu wa kazi na aina za mazingira aliyoyamudu, ni Tendulkar. Kama angezaliwa 1908 angefika 99 au asingefika, hakuna hesabu inayoweza kulisema, lakini rekodi yake mwenyewe haionyeshi lile pengo la kuwaacha wenzake mbali.

Muralitharan ana wiketi 800, Warne 708. Kwa nini bado kuna wanaomtanguliza Warne?

Kwa sababu ya mpinzani na uwanja. Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka alipata wiketi 176 (yaani aliwatoa wapigaji mara 176) dhidi ya Bangladesh na Zimbabwe. Shane Warne wa Australia alipata 17 tu dhidi ya timu hizo. Wastani wao kamili wa kurusha, yaani mikimbio waliyotoa kwa kila wiketi, ni 22.72 kwa 25.41, Muralitharan akiwa mbele kwa mikimbio 2.69 kwa kila wiketi. Toa timu hizo mbili: Muralitharan anabaki na wiketi 624 kwa karibu 24.9, Warne 691 kwa karibu 25.4. Pengo limeshuka hadi nusu mkimbio.

Uwanja nao una neno. Wiketi 493 za Muralitharan zilipatikana Sri Lanka, kwa wastani wa 19.56, nje ya Sri Lanka wastani wake ni 27.79. Australia ilimtesa, wiketi 12 kwa 75.41. Warne aliteswa na India ugenini, 34 kwa 43.11, lakini kwa ujumla alipata zaidi ya nusu ya wiketi zake nje ya nchi yake.

Upande wa pili wa shilingi husahaulika. Warne hakuwahi kuwarushia wapigaji wa Australia, waliokuwa imara kuliko wote wakati huo, Muralitharan aliwarushia. Warne alikuwa na Glenn McGrath akibana upande wa pili, na mpigaji aliyebanwa hukosea mapema. Muralitharan aliubeba mzigo wa Sri Lanka akiwa na Chaminda Vaas na wengine wachache, na alipata wiketi 6 kwa kila Testi dhidi ya 4.9 za Warne. Ukimbakiza kwenye wapinzani wenye nguvu tu, bado anapata 5.8. Tunamtanguliza Muralitharan, kwa nafasi ndogo.

Dale Steyn alipata wiketi haraka kuliko Malcolm Marshall, lakini wastani wa Marshall ni bora. Inawezekanaje, na nani alikuwa mkali zaidi? Pia naomba kujua kama Sydney Barnes anastahili kutajwa pamoja nao.

Wastani wa mrushaji una sehemu mbili: mipira anayotumia kwa kila wiketi, na mikimbio anayotoa kwa kila ova (mipira 6). Zidisha hizo mbili, gawanya kwa 6, unapata wastani. Steyn wa Afrika Kusini alitumia mipira 42.3 kwa wiketi akitoa mikimbio 3.24 kwa ova, na wastani wake ni 22.95. Marshall wa West Indies alitumia 46.7 akitoa 2.68, wastani 20.94.

Mikimbio kwa ova ndiyo inayobeba enzi. Wakati wa Steyn, 2004 hadi 2019, wapigaji wa Testi walikuwa wamezoea mechi fupi na walishambulia zaidi. Mpira ulipigwa kwa nguvu, na pia wapigaji walijitoa wenyewe kwa kujaribu. Hivyo sehemu ya kasi ya Steyn ya kupata wiketi imetoka kwa wapigaji, na sehemu ya mikimbio aliyotoa vilevile. Ukigawanya mikimbio yake ya kila ova kwa wastani wa wakati wake, na ukafanya hivyo kwa Marshall, utaona wanasogeleana sana.

Jambo moja linampendelea Marshall na halionekani kwenye wastani: aligawana wiketi. Akiwa na Michael Holding na Joel Garner, baadaye Courtney Walsh na Curtly Ambrose, wiketi zilikuwa 10 na midomo ilikuwa minne. Ndiyo maana anapata wiketi 4.6 kwa Testi, wakati Richard Hadlee, aliyekuwa akirusha karibu peke yake New Zealand, anapata 5. Usimpunguzie mrushaji wiketi kwa mechi bila kuangalia nani alirusha upande wa pili.

Barnes wa Uingereza anastahili, ila mtazame kwa makini. Wiketi 189 katika Testi 27, wastani 16.43, wiketi 7 kwa kila mechi. Kati ya hizo, 49 zilitoka kwenye Testi 4 tu za Afrika Kusini mwaka 1913–14, kwenye pichi za mkeka ambazo mpira uliokatwa vizuri uligeuka kwa kasi. Dhidi ya Afrika Kusini wastani wake ni 9.85. Dhidi ya Australia, timu pekee yenye nguvu aliyokutana nayo, ni wiketi 106 kwa 21.58. Namba hiyo ya pili ndiyo ya kuiweka mezani. Nayo ukumbuke ilipatikana wakati ambapo mikimbio ilikuwa migumu kupatikana kwa kila mtu, kwa hiyo isipitishwe moja kwa moja kuwa sawa na 20.94 ya Marshall aliyerusha kwenye pichi za miaka ya 1980.

Olraunda bora (mchezaji anayepiga na kurusha pia) ni nani? Watu hutoa wastani wa kurusha kwenye wastani wa kupiga, kisha wanatangaza mshindi.

Hesabu hiyo inampa Garfield Sobers 23.75 (57.78 kutoa 34.03), Kallis 22.72, Imran Khan 14.88, Keith Miller 14, Ian Botham 5.14. Kasoro yake ni kwamba inampendelea mpigaji. Wastani wa kupiga unaweza kupanda bila kikomo, ila wa kurusha hauwezi kushuka chini ya 20 kirahisi. Mpigaji bingwa anayerusha ova chache anamshinda mtu anayefungua urushaji wa timu yake.

Ongeza swali moja: je, angechaguliwa kwa kurusha peke yake? Angalia wiketi kwa Testi. Kallis 1.8, Sobers 2.5, Botham 3.8, Imran 4.1. Kwa kipimo hicho Kallis ni mpigaji mkuu aliyekuwa mrushaji wa akiba mwenye thamani kubwa. Imran angeingia timu yoyote kama mrushaji tu, na katika miaka yake kumi ya mwisho alipiga kwa wastani wa karibu 50 huku akirusha kwa chini ya 20. Sobers alirusha kwa kasi, kwa spini (kuuzungusha mpira ili ugeuke) ya vidole na kwa spini ya kifundo cha mkono, hivyo nahodha alipata warushaji watatu ndani ya mtu mmoja. Hilo halimo kwenye jedwali lolote. Tukilazimika kutaja mmoja, ni Sobers, na Imran anamfuata.

Vivian Richards angefanya nini kwenye mechi za siku moja za leo?

Alicheza mechi 187, wastani 47, mikimbio 90.20 kwa kila mipira 100, kati ya 1975 na 1991. AB de Villiers, 2005 hadi 2018, ana 53.50 na 101.09. Kabla ya kumtangaza de Villiers, kumbuka kwamba kuanzia Oktoba 2011 kila upande wa pichi ulipewa mpira wake mpya, hivyo mpira ulibaki mgumu na ukaruka vizuri kwenye kirungu hadi mwisho. Kamba za mpaka zilisogezwa ndani. Na sheria za kuzuia walinzi zilibadilishwa mara kadhaa.

Mechi moja inatosha kuonyesha alivyokuwa mbali na wenzake. Old Trafford, 31 Mei 1984, West Indies walipata 272 kwa wiketi 9 katika ova 55. Richards peke yake alipata 189 kwa mipira 170 bila kutolewa. Aliyemfuatia kwenye timu, Eldine Baptiste, alipata 26. Wiketi ya tisa ilianguka timu ikiwa na 166; kisha yeye na Holding wakaongeza 106, na katika hizo Holding alipata 12. Uingereza wote walitolewa kwa 168, chini ya mikimbio aliyopata mtu mmoja. Fanya hesabu ya wenzake, kama tulivyoeleza kwenye wapigaji wa Testi, ila safari hii kwa mikimbio kwa mipira 100, na Richards anapanda juu ya karibu kila mtu.

Alama za ICC (Baraza la Kimataifa la Kriketi) zinampa Bradman 961 na Steve Smith 947. Kwa hiyo Smith ni wa pili katika historia?

Alama hizo ni za kilele, wakati mmoja katika kazi ya mchezaji, na hupima hali yake ya wakati huo kwa kuzingatia nguvu ya wapinzani na ugumu wa mechi. Zinasema Smith alifika juu sana. Hazisemi alikaa huko muda gani. Mfumo wenyewe ulianza 1987 na wa zamani walihesabiwa baadaye kwa kurudi nyuma, jambo ambalo ni halali, kwani kadi za mechi zipo.

Mbona wanawake hawatajwi?

Wanapaswa kutajwa. Betty Wilson wa Australia alicheza Testi 11 tu kati ya 1948 na 1958: wastani wa kupiga 57.46, na wiketi 68 kwa 11.80. Mwaka 1958 huko Melbourne alikuwa wa kwanza, mwanamke au mwanamume, kupata senchuri (mikimbio 100 au zaidi katika iningi moja) na wiketi 10 katika Testi moja. Ugumu ni uchache wa mechi. Rudi kwenye kosa la kisampuli: kwa mara chache alizotolewa, wastani wake wa kupiga una kosa kubwa kila upande. Wa kurusha ni imara zaidi kwa sababu wiketi 68 ni nyingi. Mpime kwa kurusha kwanza.

Na walinda wiketi (wanaosimama nyuma ya vijiti kudaka mpira)?

Kupiga kwao kunapimika: Gilchrist 47.60 katika Testi 96, Andy Flower 53.70 katika Testi 55 alizolinda wiketi, Les Ames 40.56 kabla ya vita. Kudaka ni shida, maana kadi ya mechi huandika mipira iliyodakwa na haiandiki iliyoponyoka. Wiketi 416 za Gilchrist na 269 za Alan Knott hazilinganishiki bila kujua warushaji wao walitengeneza nafasi ngapi.

Naona sehemu moja Jack Hobbs ana senchuri 197 za daraja la kwanza (mechi ndefu za ngazi ya juu, Testi zikiwemo), kwingine 199. Ipi sahihi?

Zote zimechapishwa na watu makini. Tofauti ni mechi za ziara ya 1930–31 nchini India na Ceylon, akiwa na timu ya Vizianagram, ambazo baadhi ya watunza takwimu huzihesabu kuwa za daraja la kwanza na wengine hawazihesabu. Ukitumia 197, mikimbio yake ni 61,237. Ukitumia 199, ni 61,760. Usichanganye mikimbio ya orodha moja na senchuri za nyingine. Tahadhari hiyo inahitajika pia kwa W. G. Grace, mwenye senchuri 124 au 126, na Wilfred Rhodes, mwenye wiketi 4,187 au 4,204. Kabla ya kumlinganisha yeyote kati yao na mtu mwingine, hakikisha namba zote umezitoa kwenye orodha moja.